Kompyuta za steshenari zinalala katikati ya kazi, na umeme ukikatika kazi za wateja zinapotea. Amri za CMD ni zipi?

MamaFotokopi_Majengo

Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari hapa Moshi, Majengo. Dekstopu sita za mtumba, zote Windows 10, na laptopu yangu ya kaunta. Naomba msinitume Control Panel, nimechoka kubofya mashine moja moja.

Shida ya kwanza, mashine zinalala. Mwanachuo anajaza fomu ya mkopo, anatoka kidogo kupigia simu nyumbani wamtajie namba ya cheti, akirudi kioo cheusi na intaneti imeshakatika. Lawama kwangu. Ya pili ni umeme. Ukikatika, UPS (zile betri za akiba) zinashika dakika chache, na kama mtu anachapa ripoti ya fildi kurasa arobaini hajasevu, kilio chake kinasikika mpaka stendi.

Kuna fundi aliweka mashine mbili kwenye High performance, ule mpango wa umeme wa nguvu nyingi, akasema ndiyo dawa. Hizo kweli hazilali, lakini feni zinavuma hata kama hakuna mtu, na uniti za LUKU naona zinakimbia. Mdogo wangu anasema kuna amri za kuandika CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri, zinamaliza yote. Ni zipi?

Fundi_Ngarenaro

Dada, pole na majukumu. Mdogo wako yuko sahihi. Amri inaitwa powercfg na imo ndani ya Windows yenyewe, hupakui kitu. Tafuta cmd, bofya kulia, fungua kama administreta, maana baadhi ya amri hapa chini zinakataa usipofanya hivyo. Anza kwa kuangalia ulichonacho:

`powercfg /list`

Itakuletea mipango ya umeme, unaotumika una nyota pembeni. Zile mbili zirudishe Balanced:

`powercfg /setactive scheme_balanced`

Kwa kazi ya Word na fomu, High performance hutaiona faida yake. Kwenye Balanced prosesa ikikosa kazi inaruhusiwa kushuka hadi 5%, kwenye High performance kiwango cha chini kimewekwa 100%. Ndiyo hizo feni unazosikia. Sijui kwa nini mafundi wetu wanaipenda hivi, labda kwa sababu ya jina.

Sasa usingizi:

`powercfg /change standby-timeout-ac 0`
`powercfg /change monitor-timeout-ac 5`

Namba ni dakika, na 0 maana yake isilale kabisa. Kioo kitazima baada ya dakika tano uokoe uniti kidogo, mashine yenyewe iko macho na intaneti haikatiki. Mteja akitikisa mausi anakuta kazi yake. Ila kuna tovuti zinamtoa mtu zenyewe akikaa kimya muda mrefu. Hilo liko kwao, hakuna amri itakayolizuia.

Umeme ndio wenye maneno mengi. Kwenye amri hizi `ac` ni umeme wa ukutani na `dc` ni betri. Dekstopu haijui kama nyuma yake kuna betri mpaka UPS iongee nayo kwa waya wa USB. Geuza UPS uangalie mgongoni. Kama kuna tundu la mraba kama lile la printa, tafuta waya wa printa wa zamani, chomeka, na kwa UPS nyingi alama ya betri itatokea kule chini kulia kama kwenye laptopu. Ikitokea, andika hizi:

`powercfg /hibernate on`
`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batlevellow 60`
`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batlevelcrit 40`
`powercfg /setdcvalueindex scheme_current sub_battery batactioncrit 2`
`powercfg /setactive scheme_current`

Hiyo 2 ni haibaneti. (0 ni usifanye kitu, 1 ni kulala, 3 ni kuzima.) Betri ikifika 40% mashine inaandika kila kilichomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) ndani ya diski, kisha inazima kabisa. Umeme hata ukirudi kesho asubuhi, ukiwasha ile ripoti inafunguka pale pale alipoishia, hata kama hakuwa amesevu. Usiweke 1, maana mashine iliyolala bado inakula betri, na betri ikiisha kila kitu kimekwenda.

Utajiuliza kwa nini 40 wakati Windows yenyewe huanza na 5. UPS ya zamani haisemi ukweli. Inakwambia 30 na sekunde hiyo hiyo inazima. Afadhali uwahi. Mstari wa mwisho usiuruke, bila huo mabadiliko hayaanzi kazi.

kitochi_sakina

Mimi ningesema kinyume, haibaneti izime: `powercfg /h off`. Ina faili linaitwa hiberfil.sys linajificha kwenye C na linakula nafasi bure. SSD (diski) za GB 120 kwenye mashine za mtumba zinajaa haraka.

Fundi_Ngarenaro

Mkuu, kwa mashine yako ya nyumbani sina neno. Lakini hesabu yake ni hii: kwa kawaida faili hilo ni 40% ya RAM, yaani mashine ya GB 8 inatoa kama GB 3.2. Kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa hiyo ni bei ndogo. Na ukiizima unapoteza na Fast Startup (ile ya kuwaka haraka). Folda ya Downloads ya steshenari yoyote ukiifagia utapata zaidi ya hapo.

tengeru_net

Niongeze la uniti. Kama mashine zinajiwasha usiku zikiwa zimelazwa, asubuhi andika `powercfg /lastwake`, itakwambia nani kaiamsha. Orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha ni `powercfg /devicequery wake_armed`. Kwangu ilikuwa kadi ya mtandao. Unainyang'anya ruhusa kwa `powercfg /devicedisablewake` ukifuatisha jina la kifaa ndani ya alama za nukuu, uliandike kama lilivyotoka kwenye orodha, nafasi na kila kitu.

MamaFotokopi_Majengo

Asanteni sana, ndugu zangu. UPS nne zina tundu, na alama ya betri imetokea kwenye zote nne. Nimechomoa umeme wa moja makusudi wakati nimefungua barua isiyosevuliwa. Ilipofika 40 ikazima taratibu, nilipowasha barua ipo! Mbili hazina tundu. Na ile ya kaunta, ambayo imebeba laptopu na printa ya leza, ikipata umeme wa betri tu inapiga kelele na kuzima hapo hapo. Laptopu nayo haimalizi hata nusu saa. Tatizo ni UPS au laptopu?

Fundi_Ngarenaro

Kwanza itoe printa ya leza kwenye UPS leo hii. Ile inapopasha moto kwa ajili ya kubana wino inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo haiwezi. Ichomeke ukutani, umeme ukikatika ikatike. Laptopu ina betri yake, haihitaji UPS. Kujua hali ya betri hiyo:

`powercfg /batteryreport /output C:\betri.html`

Fungua hilo faili na brauza. Linganisha DESIGN CAPACITY, ambayo ni uwezo ilivyotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa sasa. Kama ya pili haifiki nusu ya ya kwanza, tafuta betri mpya. Ukienda dukani nenda na hiyo ripoti. Ukiichagua betri, toa ripoti tena ukiwa bado pale pale kaunta, kabla hujalipa, maana "mpya" za mjini hapa zina mambo yake.

Kuhusu kuandika mashine moja moja: bandika amri zote za usingizi na za betri kwenye Notepad, kila moja mstari wake, na ile ya scheme_balanced iwe ya kwanza. Sevu kwa jina umeme.bat, na pale kwenye aina ya faili chagua All Files, vinginevyo itakuwa umeme.bat.txt. Weka kwenye flashi ambayo haijawahi kupita kwa wateja, nenda nayo kila mashine, bofya kulia, fungua kama administreta. Basi.

Zile mbili zisizo na tundu powercfg haiwezi kuziokoa. Kwenye Word ingia File, Options, Save, na pale kwenye AutoRecover (Word kujisevia nakala yenyewe) ambapo pameandikwa dakika 10 weka 1. Wateja wa kuchapa ripoti ndefu wakalishe kwenye zile nne, hizo mbili ziwe za fomu na imeli.