Malalamiko: Komeni kutuuzia "tiba asili ya sukari isiyo na madhara"

Wakuu, mnisamehe lugha leo, maana hii biashara imevuka mpaka.

Kitu chenye uwezo wa kushusha sukari kina uwezo wa kuishusha kupita kiasi. Hilo tu lingetosha kuwanyamazisha wanaobandika "haina madhara" kwenye kopo. Mgonjwa yuko kwenye insulini au glibenklamidi (kidonge cha hospitali cha kushusha sukari), mnamwongezea vidonge vya karela (lile tunda chungu) juu yake, sukari inaanguka chini ya 3.9 mmol/L: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kopo linasema nini? "Vidonge 2 asubuhi, 2 jioni." Basi! Hakuna neno la kumwambia apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, wala kwamba ikishuka anywe gramu 15 za sukari (vijiko 3 hadi 4 vya chai kwenye maji) na kupima tena baada ya dakika 15.

Berberini, kemikali ya mimea inayouzwa kwa vidonge, sikatai, inashusha sukari kweli. Majaribio mengi yametumia miligramu 500 mara 2 au 3 kwa siku, pamoja na chakula. Lakini tumbo huvurugika, wengine waharishe, wengine wafunge choo. Kubwa zaidi, inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, kwa hiyo dawa hizo hulundikana mwilini. Anayetumia siklosporini (dawa ya kuzuia mwili kukataa kiungo kipya) baada ya kupandikizwa figo hapaswi hata kuigusa bila daktari wake kujua. Mjamzito na anayenyonyesha ndiyo kabisa, maana inaweza kumzidishia mtoto mchanga manjano hadi ubongo uathirike. Nani ameandika hayo kwenye kibandiko?

Mdalasini nao. Mnauza "mdalasini" bila kusema ni upi. Ule wa aina ya kasia una kumarini, kemikali inayoumiza ini la baadhi ya watu. Kiwango kinachokubalika Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani miligramu 7 kwa mtu wa kilo 70, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kukimaliza chote. Wa Ceylon una kumarini kidogo mno. Kuandika neno moja kwenye kopo kunawashinda nini?

Halafu kuna huu wizi wa "mchanganyiko maalumu": mimea 12 imetajwa, uzito wa jumla miligramu 600, kila mmoja una kiasi gani hujui. Na bidhaa inayoshusha sukari ndani ya siku mbili kama muujiza, itilie shaka. Mamlaka za dawa zimekuta mara kadhaa "dawa za mitishamba" zilizochanganywa kwa siri na dawa za hospitali za kisukari: glibenklamidi, metformini, hata fenformini, iliyoondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa sababu ya asidi ya laktiki kujaa kwenye damu. Singapore mwaka 2008 wanaume wasio na kisukari kabisa walilazwa sukari ikiwa imeporomoka, baada ya kumeza vidonge vya nguvu za kiume vyenye glibenklamidi ndani. Wanne walikufa.

Na hizo picha zenu za "kutoka 14 hadi 7"! Ya kwanza imepimwa baada ya kula, ya pili kabla ya kifungua kinywa. Tuleteeni HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Tena vitamini C ya dozi kubwa hudanganya baadhi ya mashine za kupimia, zikasoma juu kuliko ukweli, mtu akajiongezea insulini bure.

Vyenye faida vipo, ila havina makelele. Unga wa uwatu una nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Gesi utapata, na vidonge vyako vingine viachanishe nao kwa saa 2, maana nyuzi hizo huzuia dawa kufyonzwa. Ukitumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwambie daktari kwanza. Na aliyekaa miaka kwenye metformini apimwe vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza. Ikiwa chini, kuiongeza kuna maana kuliko makopo yenu yote. Ganzi ya miguu inayosingiziwa sukari wakati mwingine ni B12 hiyo hiyo.

Wauzaji mtakaokuja kujibu, njooni na miligramu za kila kiungo na cheti cha maabara. Shuhuda za wateja sitazisoma.