Kijana wangu anauliza mno kazini: nimwandikie barua ya onyo?

Msimamizi wa Zamu:
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia zamu ya mchana katika kiwanda kidogo cha kufungasha unga wa mahindi, na nina kijana asiyeacha kuuliza kwa nini jambo linafanywa hivi na si vile. Mwezi uliopita pakiti za kilo 2 zilikuwa zikifumuka chini, nasi tukamlaumu muuza mifuko. Yeye aliandika daftarini, kwa wiki mbili, saa ya kila pakiti iliyofumuka, akabaini kwamba nyingi ni za kati ya saa nane na saa kumi, umeme unapokuwa hafifu na chuma cha kubania mifuko kisipate moto wa kutosha. Ila aliacha kituo chake mara kadhaa, na meneja ameniagiza nimwandikie onyo. Nifanyeje?

Fundi Mitambo:
Mkuu, usiandike kwanza. Majaribio ya M-Pesa mwaka 2005 yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo kwa simu, lakini wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliosimamia wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya wakayafunga. Walitaka kujua sababu, na huduma iliyozinduliwa Kenya Machi 2007 ikajengwa juu ya kutuma fedha.

Mama Stoo:
Nakubali nusu. Kwetu mwenzetu mmoja alifungua kifuniko cha mashine ikiwa inazunguka, eti aone mkanda unavyopita, akapoteza ncha ya kidole. Hata hivyo, kuacha kituo ni jambo moja na alichokibaini ni jingine; usiyachanganye katika barua moja.

Mstaafu wa Utumishi:
Toyota ina mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951, na huko kuuliza "kwa nini" mara tano ni sehemu ya kazi, si utovu wa nidhamu. Lakini pendekezo hupokelewa, hujaribiwa na mwenyewe hupewa jibu. Bila hayo, mdadisi hubaki na daftari lake tu. Nikuulize: baada ya kijana kubaini chanzo, nani alirekebisha?

Msimamizi wa Zamu:
Mzee wangu, hakuna. Saa nane ikifika bado tunafungasha vilevile, na daftari liko kwenye droo yangu. Kesho asubuhi nitaingia nalo kwa meneja; barua itasubiri.