Unguja–Pemba kwa ndege, mbona naambiwa kilomita 760?

Asalaam aleikum wapendwa. Inshaallah mwezi ujao nakuja nyumbani kumtizama mama yangu huko Wete, Pemba. Natafuta tiketi ya Zanzibar–Pemba kwenye simu inanambia kilomita 760 na kubadili ndege. Jamani ni kweli? Miye toka zamani najua meli tu, unalala Malindi unaamkia Mkoani.
Asha, Leicester

Waaleikum salaam dada Asha, USILIPE! Hiyo si Pemba yetu, hiyo ni Pemba ya Msumbiji, mji wa mkoa wa Cabo Delgado. Herufi za kiwanja chake kwenye tiketi ni POL kwa sababu zamani Wareno wakiuita Porto Amélia. Yetu sie ni PMA, kiwanja cha Wawi pale Chake Chake. Nnavyokwambia hivi miye nshakaribia kuliwa, mwaka ule wa harusi ya mdogo wangu nilikuwa nshajaza mpaka namba ya kadi, bei nikaiona kubwa nikasema ah hawa wamepandisha kwa sababu ya Idi, nataka kubonyeza nikaona "Maputo". Maputo nendako Kojani?!

Kutoka Unguja mpaka PMA kwa mstari ulonyooka ni kama kilomita 125 tu. Vile vindege vya Caravan vya injini moja ni nusu saa, pengine hata haifiki, hujamaliza kuitizama Mnemba huko chini mara mikarafuu hiyo. Na Tanga–Pemba fupi zaidi, kilomita 84 hivi.

Lakini usiipigie hesabu hiyo nusu saa peke yake. Tiketi ya kutoka Uingereza na hii ya Pemba ukizinunua mbalimbali hawajuani, mzigo unauchukua mwenyewe Teminali 3, unapita forodha, unauburura mpaka jengo jengine la ndege za ndani, ile ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri. Wacha masaa manne matano katikati, au lala mjini kwa shangazi.
Kaka Hamadi, Copenhagen

Na mizigo dada, hapo ndo penye kazi. Ndege ndogo mara nyingi wanakupa kilo 15, na wewe umetoka huko na begi la 23. Miye nilifungua begi sakafuni mbele za watu, blenda huku, maziwa ya watoto kule, khalafu nikapandishwa na miye mwenyewe kwenye mizani, kijana anazisoma kilo zangu kwa sauti kama anauza papa! Begi liwe laini lisiwe lile gumu la magurudumu, kwenye tumbo la ndege halikai vizuri. Na ukishuka Wawi bado Wete kuna kama kilomita 30 za gari, mwambie mtu akungoje.
Bi Mwanakombo, Chake

Nyie Mungu awalipe, PMA nimeiona, saa 09:00. Sasa blanketi la mama peke yake kilo 4 nilifanyeje?
Asha

Lipande meli, mtu alipokee Mkoani. Na hiyo 09:00 ni saa tatu asubuhi dada, shemeji yangu alikwenda kiwanjani saa tisa, ndege ishakwenda na kurudi.
Hamadi