Kuimarisha tuta la mto mjini: udongo, ukuta au paili?

Kokoto: Wakuu, naomba tulinganishe. Tuta la udongo lipo, nyumba zimebanana nyuma yake, na kila masika maji yanakaribia ukingo. Kuongeza udongo, kuweka ukuta wa zege juu, au kupiga paili za chuma, yaani mabamba marefu yanayochomekwa ardhini? Ipi inalipa?

Mfinyanzi: Udongo ni rahisi ila unakula ardhi. Kwa mteremko wa moja kwa tatu pande zote mbili, kila mita unayopandisha inapanua kitako kwa mita sita. Mjini hizo ni sebule za watu. Na chini kukiwa laini, uzito mpya unalizamisha tuta, baada ya miaka unarudi na malori.

Nondo16: Ndiyo maana wengi hukimbilia ukuta, lakini ukuta gani? New Orleans, Agosti 2005, kimbunga Katrina. Mfereji wa 17th Street ulipasuka kabla maji hayajafika juu ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa bamba jembamba la zege lililokaa juu ya paili za chuma zilizochomekwa katikati ya tuta. Maji yalipopanda, ukuta uliinama kuelekea mjini, ufa ukafunguka kati yake na udongo wa upande wa mfereji, maji yakajaa humo. Ukuta na udongo ulioko nyuma yake vikateleza pamoja juu ya udongo laini wa mfinyanzi. Baadaye sehemu nyingi walijenga ukuta wenye kitako kipana, T iliyogeuzwa, ukibebwa na paili za mshazari, yaani nguzo zilizopigwa ardhini kwa kuinama. Bei yake si mchezo.

Kokoto: Kwa hiyo mkuu, paili peke yake hazifai?

Nondo16: Zinafaa kama shida yako ni maji kupenya chini ya tuta kwenye tabaka la mchanga, mradi zivuke mchanga wote zizame kwenye udongo wa mfinyanzi. Zikiishia katikati, maji yanapita chini ya ncha. Mafuriko yakija, kagua nyuma ya tuta. Chemchemi ya maji maangavu unaiangalia tu kwa karibu. Ikianza kutapika mchanga, tuta linaliwa kwa ndani. Zungushia viroba vya mchanga maji yapande ndani ya duara. Usiizibe, itatokea pengine.

Mikondo: Mbona hakuna aliyetaja kurudisha tuta nyuma? Nijmegen, Uholanzi, walilisogeza tuta la Lent mita 350 kutoka mto Waal wakachimba mkondo wa pili. Kimo cha mafuriko kikashuka kwa zaidi ya sentimita 30. Nyumba zipatazo 50 ziliondolewa.

Mkazi wa Bondeni: 50 tu? Njoo bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, uhesabu, ndugu yangu. Halafu mnaongelea mto tu. Mvua inayonyesha ndani ya tuta itatokea wapi? Mto ukijaa, kalavati lisilo na mlango wa kujifunga linaurudisha mto mtaani, na likiwa nao, maji ya mtaani yanakwama. New Orleans wana malango na pampu kwenye midomo ya mifereji, zilikamilika 2018. Hapa kwetu nani atalipia dizeli?

Mfinyanzi: Hapo umenena. @Kokoto, umeshatoboa ardhi kuona kuna nini chini?

Kokoto: Bado. Kuna vipimo vya zamani vya daraja la jirani tu.

Nondo16: Daraja si tuta, mkuu. Toboa kwenye mstari wa tuta lenyewe, na upande wa nyumba pia, ndipo uje na michoro.