Naomba ushauri: babu wa ukoo alitoka Ayalandi akaishia Butte, Montana. Kijiji chake nitakipataje?

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Wanangu kwa upande wa baba ni uzao wa Waayalandi, na wanataka kujua babu wa babu yao alitoka sehemu gani hasa. Nilivyonavyo ni hivi: Timothy Sullivan, mchimbaji wa shaba, Butte. Sensa ya Marekani ya 1900 inasema alizaliwa Machi 1866 na kuingia nchini 1888. Cheti chake cha kifo kinataja wazazi, Jeremiah Sullivan na Mary Harrington, lakini mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Ireland" tu. Hati ya uraia ya 1895 ni hivyo hivyo. Kwenye orodha za abiria walioshukia New York, akina Timothy Sullivan ni wengi mno na hakuna anayetajiwa kijiji. Kuna mtu ameniambia nilipie wanaofuatilia meli. Nilipe?

MpekuziRejista
Dada, usilipe. Orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza na Ayalandi zimehifadhiwa kuanzia 1890, kwa hiyo za 1888 hazipo. Upande wa New York alipokelewa Castle Garden, kituo cha wahamiaji cha wakati huo, maana kile cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na karani wa wakati ule aliandika umri, kazi na nchi, akamaliza. Uraia nao: kabla ya sheria iliyoanza kutumika Septemba 1906 mwombaji alitakiwa kumkana Malkia wa Uingereza, mji aliozaliwa kwa kawaida hakuulizwa. Ndiyo maana kila unakogonga unaambiwa "Ireland".

Sasa tazama ulichonacho. Sullivan, Harrington, shaba, Butte. Vitu hivyo vinne vikikaa pamoja, mtu anayejua uhamaji wa Waayalandi ataangalia kwanza rasi ya Beara, magharibi ya kaunti ya Cork. Kule Allihies kulikuwa na migodi ya shaba tangu 1812, na ilipodorora wachimbaji walifuata shaba hadi Montana, ndugu akimvuta ndugu. Harrington kwingine huonekana jina la Kiingereza, lakini huko Beara ni jina la wenyeji kabisa. Hii bado ni dhana, usiiandike kwenye mti wa ukoo leo. Kazi yake ni kukuonyesha pa kuanzia.

Kuzaliwa, ndoa za watu wote na vifo vilianza kusajiliwa na serikali ya Ayalandi tarehe 1 Januari 1864. Umepona kwa miaka miwili. Picha za vitabu hivyo zipo bure kwenye irishgenealogy.ie, upande wa kuzaliwa ni kwa waliozaliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Weka wilaya ya usajili Castletown, miaka 1864 hadi 1870. Usiishie 1866, maana wahamiaji wengi walikadiria umri wao na kukosea miaka mitatu hadi mitano ni kawaida.

Kosa linalowapotezea watu muda ni kutegemea faharasa, yaani orodha ya majina ya kutafutia. Kwa miaka hiyo haionyeshi jina la mama, kwa hiyo lazima ufungue picha ya kila Timothy Sullivan. Ukifungua ukurasa, soma mstari wote kuanzia kushoto: tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina, jinsia, jina la baba na anakoishi, jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa, kazi ya baba, halafu aliyetoa taarifa. Safu ya mahali ndiyo itakupa kile wao wanachokiita townland, sawa na kitongoji kwetu. Ayalandi ina zaidi ya 60,000, na mengi ya majina hayo yanajirudia, kwa hiyo nakili na wilaya yake.

Sakristia
Naongezea upande wa kanisa, kwa sababu kuna mtego.

Sehemu kubwa ya Beara iko kaunti ya Cork lakini kikanisa ni jimbo la Kerry. Watu hupekua parokia za jimbo la Cork wiki nzima wasipate kitu. Parokia zako ni Castletownbere, Allihies na Eyeries. Ukizimaliza, nenda Tuosist, ambayo iko rasi hiyo hiyo lakini ndani ya kaunti ya Kerry. Nakala za rejista za jimbo la Kerry zinatafutika kwa jina, bure, kwenye tovuti aliyoitaja mwenzangu. Picha za vitabu vyenyewe, hadi kama 1880, ziko Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, registers.nli.ie, nazo ni bure.

Mtego wa pili ni majina. Kule kusini Timothy lilikuwa vazi la Kiingereza la jina la Kiayalandi Tadhg, na Jeremiah la Diarmuid. Kwa hiyo huyo mtoto anaweza kuwa Timothy, Thady, Teige, au kwa Kilatini cha padri Thaddaeus. Baba anaweza kuwa Jeremiah, Jerry, Darby au Jeremias. Sullivan huandikwa na O' au bila O'. Andika orodha ya maumbo yote kwenye karatasi kabla hujaanza, na ukimaliza moja kata.

Tena usimwache msimamizi wa ubatizo hata mmoja. Mara nyingi walikuwa ndugu wa wazazi, na jina lisilo la kawaida miongoni mwao linaweza kukutenganishia Jeremiah mmoja na mwingine.

VinasabaTz
Mimi ningeanza na kipimo cha DNA, majibu yanakuja yenyewe.

MpekuziRejista
Hayaji yenyewe, ndugu yangu. Beara watu walioana ndani kwa ndani vizazi vingi, kwa hiyo utapata orodha ndefu ya ndugu wa mbali wenye damu ya kushirikiana kutoka pande tatu nne, na kiasi kinachoonekana kitawafanya waonekane wa karibu kuliko walivyo. Kipimo kina maana ukishakuwa na kitongoji mkononi. Kikifanyika, apimwe mzee kuliko wote aliye hai kwenye ukoo huo, kwa sababu kila kizazi hupoteza karibu nusu ya alichorithi yule wa juu yake.

MamaWawili
Asanteni sana. Nimefungua kurasa zote. Wamebaki wawili ambao baba ni Jeremiah na mama ni Mary Harrington. Wa kwanza, usajili wa serikali unasema kazaliwa 2 Aprili 1866, lakini rejista ya parokia inaonyesha mtoto wa wazazi hao hao, kitongoji hicho hicho, kabatizwa 11 Machi. Inawezekanaje abatizwe kabla ya kuzaliwa? Wa pili ni wa 1868, kitongoji kingine.

Sakristia
Huyo wa kwanza ni mtoto mmoja. Kulikuwa na faini kwa aliyechelewa kusajili, na mzazi aliyechelewa alisogeza tarehe mbele ili aonekane yuko ndani ya muda. Padri hakuwa na sababu ya kusogeza kitu, kwa hiyo tarehe ya ubatizo ndiyo ya kuaminiwa. Na Machi inalingana na sensa yako ya 1900. Hiyo ni dalili nzuri, ila haijawa ushahidi.

MpekuziRejista
Sasa jaribu kumwondoa huyu wa 1868. Tafuta kifo chake utotoni, kisha ndoa yake Castletown baada ya 1888, kisha sensa za 1901 na 1911, ambazo zipo zote na ni bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Ukimkuta nyumbani kwa wazazi 1901, umemaliza naye. Usishtuke umri ukiruka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa hizo mbili: pensheni ya wazee ilianza kulipwa Januari 1909 kwa wenye miaka 70, na wengi waliongeza umri. Sensa ya 1911 iliwauliza pia wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Kama mama bado anaishi, linganisha hesabu hiyo na orodha yako ya ubatizo.

Baada ya hapo rudi Butte. Ushahidi wa kufunga kesi kwa kawaida uko Marekani, tena kwa ndugu. Tafuta kaka na dada wa mtoto wa 1866 kwa majina uliyoyapata kwenye rejista, uone kama yupo aliyefia Butte na tangazo lake la kifo likamtaja Timothy. Gazeti la Anaconda Standard lipo mtandaoni kwenye Chronicling America, tovuti ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Hifadhi ya nyaraka ya Butte-Silver Bow nayo uiandikie. Waulize pia kitabu cha ndoa cha parokia ya St. Patrick, mapadri wengine waliandika parokia ya Ayalandi pembeni ya jina.

Sakristia
Na Tathmini ya Griffith, yaani orodha ya walioshika ardhi na nyumba Ayalandi, 1847 hadi 1864, askaboutireland.ie. Andika kitongoji kwanza, jina baadaye. Pale akina Jeremiah Sullivan walipokuwa wawili kwenye kitongoji kimoja, mara nyingi karani aliweka jina la baba kwenye mabano, kwa mfano Sullivan, Jeremiah (Con). Hapo umepata kizazi kingine cha juu bila kulipa senti. Con ni Cornelius, na Cornelius ni Conor, usimtafute kwa jina moja.

Ukishampata, agiza nakala za vitabu vya marekebisho vya shamba hilo, vinavyoonyesha nani alilishika baada ya Griffith, kutoka Tailte Éireann, wakala wa serikali ya Ayalandi wa ardhi na uthamini. Kila marekebisho yaliandikwa kwa wino wa rangi yake: jina la zamani limekatwa, jipya limewekwa juu, mwaka uko pembeni kwa rangi ile ile. Omba picha za rangi. Nakala nyeusi na nyeupe haikusaidii kitu.