Tupeane uzoefu: Tiketi za bendi kubwa za rock zimepaa, hela inakwenda wapi na unanunuaje bila kuchunwa

Nyuzi Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, tuanze na namba. Mwaka 1969 aliyenunua mapema alilipa dola 18 kwa siku tatu nzima za tamasha la Woodstock. Jarida la Pollstar, ambalo kazi yake ni kufuatilia mapato ya maonesho, linaonyesha wastani wa tiketi kwa ziara 100 kubwa ulikuwa dola 91.86 mwaka 2019. Miaka minne baadaye, 2023, ukawa dola 122.84. Na huo ni wastani tu, unajumlisha na yule aliyekaa paani akiangalia kichwa cha mpiga ngoma.

Malalamiko yamejaa kila kona, hapa tusiyarudie. Wanaojua jikoni mwa biashara hii watuambie hela inagawanywaje, nani hasa anapandisha bei, na mnunuzi abonyeze nini na saa ngapi. Hadithi za "nililia mbele ya kompyuta" zina uzi wake.

Fundi Mitambo

Mkuu, kwanza tenganisha bei ya msingi na ada. Watu wanavichanganya, ndiyo maana kila siku wanamtukana asiyehusika.

Bei ya msingi wanaipanga bendi na meneja wake wakikaa na promota. Kampuni inayouza tiketi haipangi. Mkataba wa bendi kubwa huwa hivi: bendi inahakikishiwa kiasi fulani hata uwanja usipojaa. Tiketi zikisharudisha gharama za onesho (ukumbi, ulinzi, matangazo, umeme, vibarua wa kupakia na kushusha), kinachobaki hugawanywa 85 kwa 15, au hata 90 kwa 10, na fungu nono ni la bendi. Promota anabakiwa na makombo kwenye tiketi, kwa hiyo riziki yake anaitafuta kwenye vinywaji, maegesho, wadhamini na ada. Hapo ndipo ada zilipoota mizizi.

GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilipima mwaka 2018 ikakuta ada za muuzaji wa kwanza ni wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi. Kwenye masoko ya kuuza tena ni asilimia 31. Maana yake tiketi iliyotangazwa dola 80 usiipangie bajeti ya 80, panga 102. Na ada hiyo haiishii kwa mwenye tovuti. Ukumbi huchukua sehemu yake, mara nyingine na promota, ila lawama zote zinabebwa na yule aliyeandikwa kwenye risiti. Kubeba lawama ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Kuna jambo dogo linalookoa hela: ada zipo za kila tiketi na zipo za oda nzima. Mkiwa wanne mkinunua kila mtu kivyake, ya oda mnailipa mara nne. Mmoja anunue zote.

Halafu ada za kiwango kimoja zinamuumiza zaidi mwenye tiketi ya bei nafuu. Mwaka 2023 The Cure walipanga makusudi tiketi za dola 20 kwenye ziara yao ya Marekani, na kuna waliokuta ada zimeipita bei ya tiketi yenyewe. Robert Smith, mwimbaji wao, akapiga kelele hadharani, Ticketmaster (kampuni iliyouza tiketi hizo) ikakubali kurudisha dola 10 kwa tiketi za bei ya chini kabisa na dola 5 kwa nyingine. Ni mara chache sana msanii kushinda vita hiyo.

Tangu 12 Mei 2025 kanuni ya FTC, tume ya biashara ya Marekani, inataka bei ya kwanza unayoonyeshwa iwe na ada zote za lazima ndani yake. Kodi za serikali na gharama ya kutumiwa mzigo bado zinaweza kuja mwishoni. Nje ya Marekani usidhani mambo ni hayohayo. Fika hadi ukurasa wa malipo ndipo ulinganishe.

Kaseti Upande B

Niongeze kuhusu upande wa bendi, maana hawapandishi kwa tamaa peke yake.

Zamani ziara ilikuwa tangazo la albamu. Tiketi iliuzwa rahisi ili watu wakanunue sahani na kaseti. Napster, programu ya kugawana muziki bure mtandaoni, ilipoingia 1999, na baadaye huduma za kusikiliza kwa mwezi, biashara ikapinduka: albamu ndiyo ikawa tangazo la ziara. David Bowie aliliona mapema, mwaka 2002 alisema muziki utakuwa kama maji ya bomba na wanamuziki wajiandae kuzunguka sana kwenye maonesho.

Lakini dalili zilikuwepo hata kabla. Mwaka 1994 Eagles waliporudi pamoja, walivuka dola 100 kwa tiketi na viwanja vikajaa. Mameneja wengine wakaona kumbe inawezekana. Mwaka huohuo Pearl Jam wakaenda kinyume: walitaka tiketi ya dola 18.50 na ada isiyozidi dola 1.80. Walishtaki kwa Wizara ya Sheria ya Marekani, na wanamuziki wao wawili, Stone Gossard na Jeff Ament, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Wizara ikafunga jalada 1995 bila kumchukulia mtu hatua. Walipojaribu kuzunguka bila Ticketmaster waligonga ukuta, kwa sababu kumbi kubwa nyingi zilikuwa zimejifunga kwa mikataba ya muuzaji mmoja. Tangu 2010 Ticketmaster na Live Nation, promota mkubwa kuliko wote duniani, ni kampuni moja. Wizara ileile ilirudi mahakamani Mei 2024, safari hii ikitaka watenganishwe.

Gharama nazo ni za kweli. Ziara ya U2 ya 2009 hadi 2011 ilikuwa na jukwaa la chuma linalofanana na kucha kubwa, na kulijenga kulichukua siku kadhaa. Ukiwa na moja tu, bendi inakaa hotelini ikisubiri mafundi. Kwa hiyo walitengeneza matatu: moja linatumika, moja linafunguliwa, moja linajengwa mji unaofuata. Jukwaa likiwa limezungukwa na watazamaji pande zote, hata siti ambazo kwa kawaida zingekuwa nyuma ya bendi ziliuzika. Ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 7, mapato yakawa takriban dola milioni 736.

Mlinda Lango

Mnazunguka wakuu. Kinachowatoa watu roho siku hizi ni bei inayobadilika ukiwa unaitazama. Hapa kuna mifumo miwili, na dawa zake ni tofauti.

Wa kwanza: siti kadhaa zinatengwa na bei yake inapanda na kushuka kufuata mahitaji. Mara nyingi zinaitwa Platinum. Mauzo ya Bruce Springsteen Julai 2022 ndiyo mfano unaotajwa daima, kuna siti zilifika dola 5,000. Ticketmaster ikajitetea kwamba Platinum zilikuwa asilimia 11.8 tu, na nyingine zilikuwa na bei isiyobadilika kati ya dola 59.50 na 399. Zote mbili ni kweli. Tatizo ni kwamba mtu akishafikiwa na zamu yake kwenye foleni, zilizobaki mbele yake ndizo hizo za Platinum.

Shikeni hili: Platinum si siti bora, na si VIP. Haina zawadi, haina mlango wa peke yake, haina kiti cha mbele kwa lazima. Inaweza kuwa kiti pembeni ya kile cha bei ya kawaida. Kwenye ramani ya ukumbi kuna kichujio cha aina za tiketi. Zima Platinum, zima VIP, zima zinazouzwa tena, acha za kawaida peke yake. Ukiacha kila kitu kimewashwa, mfumo unakuletea "bora zilizopo", na hiyo bora anaijua yeye.

Mfumo wa pili ni wa ngazi. Mauzo ya Oasis, 31 Agosti 2024: tiketi za kusimama zilianza karibu pauni 150, na waliosota saa nyingi kwenye foleni wakakuta zaidi ya pauni 350 kwa nafasi ileile. Kila mtu alisema ni mashine inabadilisha bei kila dakika. CMA, mamlaka ya ushindani ya Uingereza, ilichunguza ikakuta sivyo. Fungu la bei ya chini lilitolewa kwanza, lilipoisha likafunguliwa la bei ya juu, na waliokuwa kwenye foleni hawakuambiwa. Ikasema pia kuna Platinum ziliuzwa karibu mara 2.5 ya bei ya kawaida bila kuelezwa vizuri kwamba hazina nyongeza yoyote. Septemba 2025 Ticketmaster ikaahidi kuwaambia wanunuzi wa Uingereza saa 24 kabla kama tiketi zitauzwa kwa ngazi.

Bei inayopanda na kushuka unaweza kuisubiri. Ya ngazi usiisubiri: fungu la chini likiisha, limeisha.

Kidole Chepesi

Sasa tuje kwenye kubonyeza. Nitaandika kwa mpangilio wa saa.

Wiki moja au zaidi kabla: jiandikishe kwa mauzo ya awali. Yapo ya mashabiki waliothibitishwa, ya wanachama wa klabu ya bendi, ya wenye kadi ya benki fulani, na ya ukumbi wenyewe. La ukumbi watu hulisahau, na mara nyingi ni kujisajili tu kwa barua pepe bila kulipa chochote. Kila mlango una fungu lake la siti, kwa hiyo ukikosa kwa mmoja hujakosa kwa wote. Soma masharti: mauzo mengi ya kadi hudai ulipe kwa kadi ileile.

Siku moja kabla: ingia kwenye akaunti, hakiki nenosiri, weka kadi na anwani ya malipo ilingane na ya benki. Ongeza kiwango cha matumizi ya mtandaoni kwenye kadi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Tiketi ipo kikapuni, saa inahesabu kurudi nyuma, benki inakataa kwa sababu ni muamala mkubwa wa kigeni, tiketi zinarudi sokoni. Simu inayopokea namba ya uthibitisho iwe mkononi, ina chaji na ina mtandao.

Dakika 15 kabla: ingia chumba cha kusubiria. Kwa kawaida ukishakuwa ndani kabla ya mauzo kuanza, nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu saa ikifika. Aliyeingia masaa matatu mapema hana faida juu ya aliyeingia dakika kumi kabla. Anayechelewa hata dakika moja baada ya kufunguliwa ndiye anayewekwa nyuma ya wote.

Akaunti moja, kivinjari kimoja, kifaa kimoja. Kufungua madirisha sita kwa akaunti ileile kunakufanya ufanane na roboti na mfumo unakutupa nje. VPN izimwe, kwa sababu hiyohiyo. Usipakie ukurasa upya ukiwa kwenye foleni.

Ukishaingia, usichague kiti kimojakimoja kwenye ramani ya uwanja mzima. Kiti unachokiona kipo, watu mia wanakibonyeza pamoja na wewe. Chagua eneo na kiwango cha juu cha bei ulichokiamua jana yake, kisha kubali kinachokuja ndani ya hapo. Mkitaka siti nne pamoja na hazitoki, tafuta mbili mbili. Kama mna siku mbili za onesho mji mmoja, nenda kwenye siku iliyoongezwa baadaye, hasa katikati ya wiki. Msongamano huwa mdogo.

Nyuzi Sita

Safi sana mkuu. Na aliyekosa asubuhi hiyo afanye nini, aende kwa walanguzi?

Fundi Mitambo

Asikimbilie. "Zimeisha" haina maana kwamba siti zote zimeuzwa. Kabla jukwaa halijasimamishwa hakuna anayejua kwa uhakika nguzo za spika, skrini na meza ya sauti zitaziba siti zipi, hivyo siti za maeneo hayo huzuiwa. Nyingine huwekwa kando kwa ajili ya wageni wa bendi, promota na wadhamini. Mafundi wakishajenga na kukuta siti inaona vizuri, inaachiliwa kwa bei ya kawaida. Angalia siku mbili tatu kabla, halafu mchana wa siku yenyewe, tovuti ya muuzaji rasmi wa ukumbi, si kwingine. Hutoka chache chache bila tangazo, na huwa siti nzuri kwa sababu ziko karibu na jukwaa au jirani ya meza ya sauti. Jirani ya meza ya sauti ndipo sauti ilipo bora kuliko mahali pengine popote ukumbini, kwa maana fundi anachanganya muziki kwa masikio yake akiwa hapo.

Siti ikiandikwa "mwono umezibwa kiasi", uliza umezibwa na nini. Nguzo nyembamba ni sawa. Ukiambiwa "pembeni ya jukwaa", skrini kubwa huenda usiione kabisa.

Mlinda Lango

Naongezea kwenye walanguzi, nikipingana kidogo na ushauri wa "subiri, bei itashuka". Inashuka pale tiketi zinapokuwa nyingi: uwanja mkubwa, usiku kadhaa mfululizo, mlanguzi ameshikilia 40 na onesho ni kesho. Tiketi yake baada ya onesho ni karatasi, atauza. Kwenye ukumbi mdogo, au pale bendi imefunga tiketi zisihamishwe, hazishuki kwa kuwa hazipo. The Cure walizifunga hivyo kote Marekani isipokuwa New York, Illinois na Colorado, ambako sheria haikuruhusu kufunga.

Anza na masoko ya bei ileile ya mwanzo, kama Twickets au soko la kubadilishana ambalo bendi yenyewe imelitaja kwenye tovuti yake. Ireland ina sheria ya 2021 inayokataza kuuza juu ya bei ya awali kwa matukio na kumbi zilizoteuliwa. New South Wales na Victoria huko Australia wameweka kikomo cha asilimia 10 ya nyongeza. Serikali ya Uingereza ilitangaza Novemba 2025 kwamba itapiga marufuku kuuza tena tiketi kwa faida.

Jihadhari na tiketi hewa. Ukiona tangazo la tiketi kabla mauzo rasmi hayajaanza, muuzaji hana kitu. Anauza ahadi, akitegemea kuinunua rahisi baadaye. Dalili ni sehemu ya ukumbi kutajwa bila mstari wala namba ya kiti.

Na usinunue picha ya tiketi. Msimbopau wa tiketi nyingi za simu sasa hujibadilisha kila baada ya sekunde chache, picha ikifika getini imeshakufa. Dai ihamishwe rasmi kwenye akaunti yako, na hela itoke baada ya kuiona huko.

Kidole Chepesi

Hiyo ya mwisho ina nyongeza moja: ikishahamia kwako, ipakue kwenye pochi ya simu ukiwa nyumbani. Watu elfu 60 wakikusanyika sehemu moja mtandao wa simu unazidiwa, na programu ya tiketi haifunguki mbele ya geti. Kama aliyenunua ni mmoja kwa ajili ya wanne, awahamishie wenzake kabla ya siku hiyo, la sivyo wote mtasimama nje mkimsubiri yeye atoke kwenye maegesho.