Naomba msaada: kupiga hesabu ya mvutiko wa kamba ya nailoni

MwanaShela: Asalaam aleikum wakubwa. Nina kamba mpya ya nailoni, kipenyo 12 mm, nimeifunga boritini nikapima mita 4, nikatundika mfuko wa simiti wa kilo 50 ikarefuka 40 mm. Mvutiko wake ni ngapi? Jibuni haraka jamani, kesho kazi.

TichaMkomani: Waaleikum salaam. 50 × 9.8 ni niutoni 490. Eneo la kamba kama 113 mm za mraba, gawa wapata 4.33, ndiyo nguvu kwa kila mm ya mraba. Sasa 40 gawa kwa 4000 (mita 4 kwa mm) ni 0.01, ndiyo sehemu iliyorefuka. 4.33 gawa 0.01 ni megapaskali 433, ndiyo modulasi ya Young hiyo, yaani kipimo cha ugumu wa kitu kuvutika. Chuma ni kama 200,000.

NahodhaMzee: Nailoni sisi twatilia nanga kwa sababu yavutika, wimbi likija haling'oi kitu. Lakini henza, kamba ya kupandishia tanga, usinitilie nailoni, tanga lalegea, siku moja tunatoka Kizingitini na boriti shehena nzima...

UmmiZ: Nahodha ngoja kwanza. Mwanangu, kesho wapandisha nini?

MwanaShela: Si kupandisha, ni fundi wa kisima anashuka kutoa mchanga. Kilo 80 tu. Kamba nishanunua, kapi nishafunga, na arbuni fundi nishampa, watu wengi tu wanatumia hii hii.

UmmiZ: Subhanallah! Mtu?! Roho ya mtu huiweki kwenye hesabu ya simu, muogope Mungu.

Kijana_Langoni: Mie naona huu mtihani wa fomu two. 4 kamili, 40 kamili, jibu 0.01, hata kalkuleta haitakiwi. Ulipotoa mfuko kamba ilirudi mita 4?

MwanaShela: Wallahi si mtihani! Ilibakiza 15 mm, si ni kamba mpya, ndiyo maana sikuandika.

TichaMkomani: Aa, hapo basi. Hizo 15 ni msokoto unajikaza, kilichorudi ni 25 tu, kwa hivyo modulasi yapanda hadi 695 hivi. Tundika na ushushe mpaka isibakize kitu, ndiyo upime upya. Na hata hapo utajua itarefuka kiasi gani tu, si itakatika lini. Nailoni ikilowa nguvu hupungua, na kisimani italowa. Kilo za kukatikia zimeandikwa wapi?

MwanaShela: Dukani walinikatia kipande tu. Sasa fundi nimwambie nini na pesa kashachukua?

UmmiZ: Mwambie angoje, pesa si kitu.

NahodhaMzee: Na hapo boritini umefunga fundo gani? Maana fundo lenyewe laweza kuila kamba karibu nusu ya nguvu yake. Piga picha uitie hapa.